Mwongozo kamili: kuwasha plazma ya RF kwenye mrija wa glasi mpaka iwake kweli

Ndugu zangu, hii ni picha ya nne naletewa mwezi huu. Mrija wa glasi, koili ya shaba imezungushwa nje, ndani kuna kiwingu cha zambarau kimelala kama moshi wa udi, na maneno chini ni yale yale, "fundi imewaka!" Haijawaka. Mmoja kutoka Wete kaniambia kaongeza nguvu mpaka kapasita ikapasuka na kiwingu hakikubadilika, nikamwambia hata ungeleta umeme wa Unguja mzima kisingebadilika, maana tatizo sio wati.

Plazma ni gesi iliyovunjika kuwa elektroni na ayoni (atomu zenye chaji), na RF ni umeme wa mawimbi ya redio unaoivunja. Mrija wenye koili una hali mbili. Ya kwanza, volti ya koili inavuta elektroni kupitia ukuta wa glasi, koili na gesi vinakaa kama sahani mbili za kapasita, na unapata kiwingu hafifu. Ya pili, sumaku ya koili inayogeuka mara milioni 13 kwa sekunde inazungusha mkondo ndani ya gesi yenyewe, yaani gesi inakuwa kama waya wa pili wa transfoma. Hii ya pili ndo tunayoitaka. Ikishika huhitaji kuuliza mtu, ukuta wa chumba unabadilika rangi.

Na ndo hiyo hiyo wanayoitaka kwenye vyanzo vya ayoni vya ITER, ile mashine kubwa ya majaribio ya fyusheni (kuunganisha viini vya atomu) inayojengwa kule Cadarache, Ufaransa. Chanzo kimoja kina mitungi 8 iliyozungushwa koili, kila mmoja unaweza kulishwa mpaka kilowati 100 kwa megahezi 1, gesi ni haidrojeni au dyuteri, yaani haidrojeni nzito. Plazma ikishakuwa nzito, yaani yenye ayoni nyingi, watavuna ayoni hasi, watazisukuma kwa volti milioni 1, halafu watazivua elektroni ile ya ziada ili atomu ziingie bila chaji, sumaku za mashine zisizipindishe, zikapashe moto plazma ya fyusheni ndani, megawati 16.5 kwa kila mashine ya kurusha mwale huo wa atomu. Wamechagua RF kwa sababu waya wa moto, filamenti, unaliwa na kuungua, na ndani ya mashine yenye mionzi huwezi kumtuma kijana na spana akabadilishe.

Sisi tunajenga mtungi mmoja, mdogo, wati 200, kwa argoni. Hatuvuni ayoni. Tunataka plazma ishike tu, na tujue kwa nini imeshika.

Mambo manne usinijaribu nayo

Haidrojeni hapana. Kwenye kibanda cha bati kisichopitisha hewa, pampu inatoa haidrojeni kwa nyuma na mtu anavuta sigara mlangoni, mie simo.

Kusukuma ayoni kwa volti nyingi hapana. Ukifika makumi ya kilovolti una eksirei juu ya meza na hujui.

Transfoma ya maikrowevu hapana, sitaki hata kuulizwa.

Na chupa ya achari hapana. Nnasema hivyo kwa sababu mie mwenyewe nilijaribu. Ilistahamili vakyumu vizuri tu, nikawasha, dakika ya tatu upande mmoja ukashika moto zaidi ya mwingine, nikasikia "tik" ndogo, kisha mlio kama tairi la gari. Vipande nilivikuta kwenye feni ya dari. Kioo cha kawaida hakipendi joto la upande mmoja, na hewa ya nje inakandamiza mrija wetu wa sm 5 kwa sm 40 kwa nguvu kama ya kilo 200, yaani kama watu wazima watatu wameukalia.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mrija wa glasi ya borosiliketi, ile ya maabara, kipenyo sm 5, urefu sm 40, ukuta usiwe chini ya mm 2. Kwatzi ni bora lakini bei yake utaghairi.
- Vifuniko viwili vya alminiamu vilivyokatwa leth, na o-ringi mbili.
- Pampu ya vakyumu ya hatua mbili, ile ile ya mafundi wa AC na mafriji, pamoja na mafuta mapya.
- Geji ya mikroni, ya hao hao mafundi. Mikroni hapa ni kipimo cha presha ndogo, sio cha urefu.
- Hosi ya vakyumu fupi na nene, na valvu ya kufunga karibu na mrija.
- Silinda ya argoni kwa mafundi wanaochomelea alminiamu, regyuleta, na valvu ya sindano.
- Bomba la shaba la robo inchi, mita 2, la AC.
- Mashine ya RF ya megahezi 13.56, wati 300, inayotoa kwa omu 50. Mtumba unatosha.
- Kapasita mbili za kugeuza (ntaeleza zipi, hapa ndo wengi wanapopotea).
- Mita ya kuonyesha nguvu inayokwenda na inayorudi. Ukipata nanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupima saketi inaonyesha omu ngapi kwenye frikwensi yako, hutojuta.
- Boksi la bati la kufunika kila kitu, lenye dirisha la wavu wa shaba.
- Kiwashio cha jiko la gesi, kile cha kubonyeza "tak".
- Miwani ya kinga. Kila aliyemo chumbani, sio wewe tu.

Kwa nini 13.56 na sisi tunasema tunaiga mashine ya megahezi 1? Kwa sababu volti inayozungusha mkondo ndani ya gesi inapanda pamoja na frikwensi. Mrija mdogo kwenye megahezi 1 ungetaka mkondo mkubwa mno kwenye koili. Halafu 13.56 ni bandi iliyotengwa duniani kwa kazi za viwanda, sayansi na tiba. Usichukue redio ya mawasiliano ukaiweka 14, hiyo ni ya watu na inataka leseni.

Hatua ya 1: Glasi safi na hosi nene

Safisha mrija kwa sabuni, suuza, kisha spiriti, kisha usiushike ndani tena kwa mkono. O-ringi paka grisi ya vakyumu kidogo sana, ing'ae tu. Mtu akipaka kama siagi kwenye mkate, grisi ile inatoa mvuke siku tatu.

Sasa hosi. Zile hosi za rangi za kujazia gesi ya AC ziweke pembeni. Kwenye presha ndogo gesi haimiminiki tena, molekuli zinajigonga gonga ukutani kila moja kivyake, na hosi nyembamba ya mita moja inaifanya pampu nzuri kuwa kama mtu anayenywa uji mzito kwa mrija wa soda. Kati ya watu waliokwama mikononi mwangu, nusu walikuwa na hosi nyembamba.

Valvu ya kufunga iweke baina ya pampu na mrija. Sio pambo. Umeme ukikatika pampu inasimama, vakyumu iliyomo kwenye mrija inayanyonya mafuta ya pampu yapande juu. Ilinikuta wakati wa masika, usiku, nikatafuta tochi kwanza badala ya valvu. Siku nne nnasafisha glasi. Kwa hiyo mkono wako ujue ilipo valvu hata gizani, na kama pampu yako ina valvu ya kujifunga yenyewe usiiamini peke yake.

Mafanikio: pampu ikifanya kazi dakika 30, geji inashuka chini ya mikroni 20.

Hatua ya 2: Jua kama mrija unavuja au umelowa

Hapa kwetu hewa ina maji, na maji yanagandia kwenye glasi hata kama unaiona kavu. Kwa hiyo geji isiposhuka usikimbilie kununua o-ringi mpya. Funga valvu, pampu iendelee nyuma yake, andika geji kila dakika moja kwa dakika 10.

Namba zikipanda kwa mstari ulionyooka bila kuchoka, kuna tundu. Zikipanda haraka mwanzo halafu zikaanza kuchoka na kutulia, ni unyevu unaotoka ukutani, sio tundu. Dawa ya unyevu ni drayer ya nywele, zungusha taratibu nje ya mrija nusu saa huku pampu inavuta, na kama pampu ina gesi balasti, ile valvu ndogo inayoiingizia pampu hewa kidogo, ifungue, inasaidia kutoa maji kwenye mafuta. Mafuta yakishakuwa meupe kama tui, yabadilishe tu.

Dawa ya tundu ni kulitafuta. Chovya pamba kwenye spiriti, gusa kiungo kimoja kimoja, geji ikiruka umelipata. Hii fanya mashine ya RF ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa, spiriti na cheche ni ndugu.

Mafanikio: kwa dakika 10 isipande zaidi ya mikroni 70 kutoka ulipoanzia. Hapo uvujaji ni kitu kidogo sana mbele ya argoni utakayoipitisha.

Hatua ya 3: Koili

Bomba la robo inchi, mizunguko 6, kipenyo cha katikati sm 6, urefu wa koili sm 6. Jaza chumvi kavu au mchanga mkavu ndani ya bomba kabla ya kulikunja lisibonyee, zungusha kwenye bomba la maji la kipenyo kinachofaa, ukimaliza mwaga na piga maji. Koili isiguse glasi, acha kama mm 2.

Shaba isugue ing'ae. Kwa frikwensi hii mkondo unapita juu juu tu, kina cha kama mikromita 18, yaani kutu ya kijani ya upepo wa baharini ndo barabara yenyewe unayouambia umeme upite. Ukwaju au ndimu na chumvi kama bibi zetu wanavyosugua sinia za shaba, suuza, kausha, msasa laini kwenye ncha. Na ncha ziunganishwe kwa bati pana la shaba, sio waya mwembamba.

Koili hii inakupa kama mikrohenri 1.47. Kwa megahezi 13.56 ni omu 125 za kupinga. Ziandike hizi namba ukutani, tunazitaka sasa hivi.

Hatua ya 4: Boksi la machingi, hapa ndo penyewe

Tulia hapano. Machingi ni kulinganisha omu za koili na zile ambazo mashine inazitaka. Mashine yako inataka kuona omu 50. Koili yenye plazma nzuri ndani inaonyesha kama omu 2 tu za kula nguvu, na omu 125 za kupinga. Ukiiunga moja kwa moja, karibu nguvu yote inarudi ilikotoka.

Kwa hiyo kapasita mbili. Moja inakaa kwenye njia, kwa msururu na koili, tuite ya kutuni. Nyingine inakaa mlangoni baina ya waya wa kati na athi, tuite ya mzigo. Kwa koili yetu na omu 2, hesabu inatoa hivi: ya kutuni karibu pikofaradi 102, ya mzigo karibu pikofaradi 1,150. Plazma ikishashika inapunguza uhenri wa koili kidogo, kwa hiyo ya kutuni inasogea juu, labda 110 na kitu. Nunua ya kugeuza kutoka 60 mpaka 150.

Sasa wanachokosea. Wati 200 kwenye omu 2 ni ampia 10. Ampia 10 mara omu 125 ni volti 1,250, na kilele chake kinapita 1,750. Hizo ndo zinakaa kwenye koili, na kapasita ya kutuni inabeba karibu sawa na hizo. Kapasita ya redio ya mbao ya babu ina nafasi ya sehemu ndogo ya milimita baina ya majani yake, itapiga cheche kabla hujafika wati 30. Unataka ya vakyumu, au ya hewa yenye nafasi ya mm 1.5 kwenda juu, na hewa yetu ya chumvi nakwambia weka mm 2.

Lakini ile ya redio usiitupe! Upande wa mzigo volti ni 100 tu. Pale chukua kapasita za maika, 10 za pikofaradi 100 kwa sambamba ili zigawane zile ampia 10, uongeze na ile ya redio kwa kurekebisha. Watu wanaweka ghali kwenye mzigo na rahisi kwenye kutuni, kinyume kabisa.

Na kosa kubwa kuliko yote, ambalo ndo limenifanya niandike. Mtu anakaa na nanoVNA saa mbili, mrija mtupu, anageuza mpaka inaonyesha omu 50 safi kabisa. Furaha. Anawasha, kinakuja kiwingu, nguvu yote inarudi. Ulituni koili tupu, ndugu yangu! Koili bila plazma haina omu 2, ina kama 0.2, na machingi ya 0.2 inataka kapasita ya mzigo ya 3,700 hivi. Umeifungulia mlango mwembamba kitu ambacho hakipo, na kilichopo kikija hakiwezi kuingia.

Fanya hivi badala yake. Chukua rizista ya kaboni ya omu 2, isiyo ya waya wa kuzungushwa, iunge kwa msururu na koili, hiyo ndo plazma yako ya bandia. Tuni kwa nanoVNA mpaka upate 50. Weka alama kwa maka peni kwenye vitasa vyote viwili. Toa rizista. Sasa mita itaonyesha vibaya, na ndo sawa, usiguse.

Mafanikio: una alama mbili kwenye vitasa, na unaweza kuvirudisha hapo ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 5: Boksi la bati na athi

Funika mrija, koili na machingi kwenye boksi la bati, mapengo yote yafungwe, athi moja pana kutoka boksi mpaka vifuniko vya mrija mpaka mashine. Mlango uwe na swichi inayozima mashine ukifunguliwa.

Moto wa RF haufanani na moto wa sufuria. Unaungua ndani kabla ngozi haijalia, kidole kinabaki na kidoa cheupe na wiki nzima hushiki kalamu. Mwenye kifaa cha moyo asiingie kabisa chumbani. Na wale jirani, kama redio zao zinakoroma kila ukiwasha, boksi lako lina pengo, tafuta.

Hatua ya 6: Kuwasha

Suuza mrija kwa argoni mara tatu: jaza mpaka mikroni elfu kadhaa, vuta, rudia. Kisha acha argoni ipite taratibu kwa valvu ya sindano huku pampu inavuta, mpaka geji isome 80 hadi 100.

Tahadhari ya geji. Hizi geji zinapima jinsi gesi inavyochukua joto, zimewekwa kwa hewa, na argoni inachukua joto kidogo. Kwa hiyo zinasoma chini. Ikisema 50 kwa argoni, ukweli ni kama 80, yaani karibu paskali 11. Na RF ikiwashwa nyingine zinachanganyikiwa kabisa, kwa hiyo soma kabla.

Presha ya kuwashia ni kubwa kuliko ya kuendeshea kwa makusudi. Gesi ikiwa chache mno elektroni inafika ukutani bila kugonga atomu hata moja, hakuna kinachozaliana. Wenzetu wa taasisi ya fizikia ya plazma ya Garching kule Ujerumani, kwenye vyanzo vyao vya majaribio, wanafanya kitu hicho hicho kwa kiwango kikubwa, wanapuliza gesi ya ziada ghafla na wanatumia filamenti ndogo kutoa elektroni za kuanzia.

Filamenti sisi hatuna, tuna kiwashio cha jiko. Waya wake upitishe kwenye tundu la boksi lililozibwa kwa plastiki, ncha iguse glasi kwa nje mbali na koili. Vitasa kwenye alama. Washa wati 50. Bonyeza "tak, tak".

Mafanikio ya hatua hii ni kile kiwingu cha zambarau. Ndio, kile kile. Hapa ni karibu kiingie, lakini ni mgeni wa kupita.

Hatua ya 7: Iruke

Panda wati kidogo kidogo: 80, 100, 130. Mpe kila moja sekunde tatu nne. Vitasa usiguse bado, najua mkono unawasha. Utaona nguvu inayorudi bado ni nyingi, na kiwingu kinanenepa kidogo.

Halafu kwenye mahali fulani, kwangu mie huwa baina ya 120 na 160 lakini mrija wako una tabia yake, linatokea. Hakuna hatua ya katikati. Plazma inajikusanya chini ya koili, inang'aa ghafla waridi kali inayoelekea weupe, na sindano ya nguvu inayorudi inaanguka kama imekatwa uzi. Mara ya kwanza kijana mmoja wa skuli aliyekuwa ananisaidia alirudi nyuma mpaka akaangusha ndoo.

Sasa ndo gusa vitasa. Geuza cha kutuni kidogo mpaka nguvu inayorudi ipungue, kisha cha mzigo, kisha kutuni tena. Chini ya wati 5 kati ya 200, umefika. Halafu punguza argoni mpaka geji isome 40 hadi 50, ukirekebisha vitasa njiani.

Jaribu na hili, ni zuri kulitizama: shusha wati taratibu. Haitorudi kiwingu pale pale iliporukia, itashikilia mpaka chini zaidi, kwa sababu ikishakuwa nzito inapokea nguvu vizuri na inajilisha yenyewe. Kwa hiyo ukiwasha ruka juu kwanza, kisha shuka.

Washa sekunde 10, pumzisha dakika moja. Koili yetu haina maji ya kupozea na glasi inashika joto.

Ikikataa kuruka: rangi ikiwa waridi-chungwa chafu, una hewa ndani, rudi hatua ya 2. Ikiwa na wekundu, kuna maji, tizama kwa CD ya zamani kama kioo cha kutawanya mwanga, utauona mstari mwekundu wa haidrojeni wa nanomita 656, rudi kwenye drayer. Rangi ikiwa sawa na bado haitaki, sogeza kitasa cha mzigo nusu upana wa alama kila upande, na kagua viungo vya koili kimoja kimoja, kiungo chenye joto ndo mwizi wako.

Hatua ya 8: Ngao ya Faraday

Usije hapa mpaka hatua ya 7 ikutii mara kumi mfululizo.

Ngao ni bati jembamba la shaba baina ya koili na glasi, linaungwa athi, linazuia ile njia ya volti na kuacha sumaku ipite. Kwenye vyanzo vikubwa inakaa ndani ya mtungi wa seramiki na kupozwa kwa maji, inalinda ukuta usiliwe na plazma. Yetu inakaa nje.

Nyufa zikatwe kwa urefu wa mrija, zikatize nyaya za koili, na ufa mmoja lazima upite kutoka ncha mpaka ncha, bati lisifunge duara. Nililetewa moja kutoka Chake Chake, imekatwa safi kabisa, halafu jamaa kaipiga lehemu kwenye maungio "ili iwe imara". Hiyo sio ngao tena, ni mzunguko mmoja uliofungwa wa transfoma, imekula nguvu yote na mrija haukuona kitu.

Ukishaiweka, tuni upya na rizista kama hatua ya 4, na ujue kuwasha kutakuwa kugumu zaidi, maana umeua kile kiwingu cha kuanzia. Anza na geji 150, na kiwashio kiguse glasi nje ya ngao.

Mafanikio: hakuna kiwingu kabisa, kuna giza, halafu kuna plazma.

Hatua ya 9: Pima, usikisie kwa macho

Chukua elektrodi ya tungsteni ya kuchomelea ya mm 1.6, isiwe ile yenye ncha nyekundu maana ina thoriamu na vumbi lake si zuri. Ipitishe kwenye kijimrija chembamba cha glasi ibaki mm 5 tu wazi. Kupitisha umeme kwenye kifuniko cha alminiamu tumia plagi ya pikipiki, porseleni yake inashika vakyumu vizuri kwa presha hizi.

Betri tatu za volti 9 kwa msururu, hasi kwenye tungsteni, chanya kwenye kifuniko kupitia rizista ya omu 100. Mita soma volti kwenye rizista. Weka koili ndogo ya kuzuia RF kwenye waya na kapasita ya nanofaradi 10 sambamba na rizista, la sivyo mita yako itasoma ndoto.

Hasi inafukuza elektroni na kuvuta ayoni tu. Kwenye kiwingu utasoma milivolti moja mbili, labda tano. Ikiruka ukasoma karibu 70, hiyo ni milampia 0.7, na kwa eneo la ncha ile ni kama ayoni 100,000,000,000,000,000 kwa mita ya ujazo, yaani 1 na sifuri 17. Kwenye uzito huo RF yenyewe haipenyi plazma zaidi ya sentimita mbili hivi, ndo maana unaona inang'aa zaidi karibu na ukuta wa koili.

Andika wati, geji na milivolti kwenye daftari kila ukiwasha. Mtu akinitumia picha tena bila milivolti, sitojibu.

Hatua ya 10: Kuzima

RF kwanza, plagi ichomolewe. Argoni ifungwe. Subiri dakika 15 glasi ipoe, pampu bado inavuta. Kisha funga valvu ya mrija, ndo uzime pampu, na uingize hewa upande wa pampu ili mafuta yakae chini. Mrija uache na vakyumu yake mpaka kesho, unyevu usiingie, ufunike kwa khanga kuukuu mtu asiugonge.